Viza ya Marekani kwa Watafiti wa Sayansi: Tuelewe Kabla ya Kuchanga



Safari hii hatuandiki juu ya matangi ya maji wala mbuzi wa maziwa. Tunaandika juu ya viza. Huenda mtu akauliza, maneno ya viza yanahusu nini kikundi cha kijijini? Yanahusu sana, kwa sababu pesa za viza mara nyingi hutoka kwenye sanduku la kikundi.

Mwaka jana walikuja ofisini kwetu akina mama watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa kikundi kimoja cha parokia jirani. Binti wa mwanachama wao amesoma hadi digrii ya udaktari katika elimu ya wadudu, na anafanya utafiti hapa nchini. Broka mmoja alimwambia mama yake kwamba iko "viza ya wanasayansi", ati ukiipata unahamia Marekani moja kwa moja na jamaa zako wote wanafuata. Alitaka shilingi 350,000. Kikundi kilikuwa na akiba ya kujenga matangi. Shilingi 90,000 zilikuwa zimeshatoka, kwa jina la "kufungua faili". Sasa broka alidai zilizobaki, na wanachama walikuwa wameanza kugawanyika.

Tuliketi nao, tukampigia binti simu, tukasoma masharti ya viza hiyo moja baada ya lingine. Tuliyojifunza siku hiyo na baadaye ndiyo tunayowaletea. Neno kubwa ni hili: viza hii haiuzwi na hakuna anayeweza kuinunua. Inapatikana kwa kuthibitisha kazi ambayo mtu amekwisha kuifanya.

VIZA YENYEWE IPO

Tusiseme kwamba kila kitu ni uongo. Viza hii ipo kweli. Imo katika sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Kwa ufupi inaitwa EB-1A, yaani viza ya kuhamia ya watu wenye uwezo wa pekee katika sayansi, sanaa, elimu, biashara au michezo. Anayekubaliwa anapata ukaaji wa kudumu, ile ambayo wengi wetu tunaiita "kadi ya kijani".

Si viza ya kutembea wala ya masomo. Pia si ile bahati nasibu ambayo watu wengi hapa Kenya wamewahi kujaza. Kwa bahati nasibu jina huchaguliwa na mashine. Kwa EB-1A afisa husoma karatasi za mwombaji na kuzipima.

Jambo moja la viza hii linawashangaza watu. Mwombaji hahitaji mwajiri wa Marekani. Hahitaji mdhamini. Anajiombea mwenyewe, kwa jina lake na sahihi yake, kwa Fomu I-140 inayopelekwa kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani. Anaweza kuomba akiwa Nairobi, Kisumu au hata kijijini kwao. Kwa hiyo broka akisema, "Mimi nina mwajiri huko, nilipe nimshike," ujue anauza kitu ambacho viza hii haikidai.

Ila aeleze kwa ushahidi kwamba ataendelea na kazi ile ile akifika huko, na kwamba nchi hiyo itafaidika. Mtafiti wa wadudu haombi viza hii akaenda kufungua duka.

MAMBO KUMI, NA ANGALAU MATATU

Njia ya kwanza ya kuthibitisha ni kuwa na tuzo moja kubwa ya kimataifa, ya kiwango cha Nobeli. Sote tunakumbuka Profesa Wangari Maathai alivyopewa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Tuzo za namna hiyo ni chache mno duniani.

Wasio na tuzo kama hiyo wanapitia njia ya pili. Sheria imeorodhesha mambo kumi, na mwombaji aonyeshe angalau matatu. Mawili kati ya hayo ni ya wasanii: maonyesho ya sanaa, na mauzo makubwa ya muziki, filamu au maigizo. Yanayoweza kumhusu mtafiti ni haya manane:

1. Tuzo ndogo kuliko Nobeli, lakini zinazotambuliwa kitaifa au kimataifa kwa ubora wa kazi. Basari ya shule au cheti cha kuhudhuria semina si tuzo ya namna hii.

2. Uanachama wa chama cha wataalamu kinachopokea tu watu wenye mafanikio makubwa, tena baada ya kupimwa na mabingwa. Chama ambacho kila anayelipa ada anaingia hakihesabiki.

3. Habari zilizoandikwa juu yake na kazi yake katika vyombo vikubwa vya habari au majarida ya taaluma.

4. Kupima kazi za wengine. Kwa mfano, jarida la sayansi humtumia makala za wenzake azihakiki kabla hazijachapishwa.

5. Mchango mpya wa kisayansi wenye uzito mkubwa katika fani yake.

6. Makala za kitaalamu alizoziandika na kuchapishwa.

7. Kushika nafasi ya uongozi au nafasi muhimu katika taasisi yenye sifa.

8. Mshahara mkubwa ukilinganishwa na wa wenzake wa fani hiyo.

Watafiti wengi hutegemea la nne, la tano na la sita. Kati ya hayo, la tano ndilo gumu. Kuandika makala ni jambo moja, kuonyesha kwamba makala hiyo imebadilisha kazi za wengine ni jambo lingine. Hapo afisa anaangalia: ni watafiti wangapi wameitaja kazi hii katika makala zao? Je, kuna wizara, hospitali, kampuni au wakulima wanaoitumia?

KUFIKISHA MATATU SI MWISHO

Tunaomba msome sehemu hii mara mbili, maana hapa ndipo wengi wanaanguka.

Iko kesi moja inayotajwa sana, kesi ya Kazarian, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2010. Bwana Kazarian alikuwa mwanafizikia aliyesoma hadi udaktari. Mahakama ilikubali kwamba amefikisha mambo mawili: alikuwa ameandika makala, na alikuwa amepima kazi za wengine. Lakini yalitakiwa matatu. Barua za kumsifu alikuwa nazo, hata hivyo hazikutosha kuonyesha mchango mkubwa. Akashindwa.

Kutokana na kesi hiyo, maafisa wanapima kwa hatua mbili. Kwanza wanahesabu: je, matatu yametimia? Pili wanaangalia ushahidi wote kwa pamoja na kujiuliza: je, huyu ni mmoja wa wale wachache walio kileleni kabisa mwa fani yake, na sifa zake zimedumu? Mtu anaweza kufikisha matatu na bado akakataliwa kwenye hatua ya pili.

Ndiyo maana tunasema mbegu hazipandwi siku ya mavuno. Kazi ya miaka haiwezi kutengenezwa na broka kwa wiki mbili.

BARUA, NA NAFASI YA KIKUNDI

Watafiti huomba barua kutoka kwa wataalamu wenzao. Barua yenye nguvu ni ile ya mtu asiye ndugu, asiye rafiki, asiye mwalimu wake, bali anayemjua kwa kazi yake tu. Tena isiwe ya sifa tupu. "Ni mchapakazi na mcha Mungu" ni maneno mazuri kwa padre anayeandika juu ya mwumini, lakini kwa afisa wa viza hayathibitishi sayansi. Barua ieleze: alifanya nini kipya, nani ametumia, na nini kimebadilika.

Je, kikundi cha kijijini kina nafasi hapo? Mara nyingine kipo. Fikirini wakulima wa magharibi mwa Kenya waliopanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nepia pembeni mwa shamba ili kupambana na viwavi wa mabua na gugu la striga. Ujuzi huo ulitokana na utafiti wa kituo cha icipe, ambacho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, pamoja na washirika wake. Utafiti wa namna hii unaishi mashambani. Kama mtafiti fulani amefanya kazi na kikundi chenu, kumbukumbu zenu zaweza kuonyesha kwamba kazi yake imetumika kweli.

Lakini iwe hivi: andikeni mliyoyaona tu. Mlianza mwaka gani, mashamba mangapi, mlivuna magunia mangapi kabla na mangapi baadaye. Kitabu cha mkutano kiwe na tarehe na sahihi. Kama barua ni ya Kiswahili au lugha ya nyumbani, iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri aandike na kutia sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Barua ya kikundi peke yake haitoshi kumpatia mtu viza. Ni nyongeza tu. Na kama mtafiti ni mtoto wa mwanachama, semeni hivyo wazi.

Msikubali kuandika uongo kwa ajili ya huruma. Mtu akigunduliwa ametumia udanganyifu kutafuta viza, sheria ya Marekani inaweza kumfungia mlango maisha yake yote. Hata makala za kununuliwa na tuzo za kulipia huonekana. Mtoto aliyesoma miaka ishirini anaweza kuharibiwa na karatasi moja ya uongo iliyoandikwa na watu wanaompenda.

TUHESABU PESA

Hapa mweka hazina achukue kalamu. Tangu Aprili 2024 ada ya Fomu I-140 ni dola 715. Anayejiombea mwenyewe anaongeza dola 300 za mfuko wa wakimbizi wanaoomba hifadhi. Jumla ni dola 1,015. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni kama shilingi 131,950.

Ombi likikubaliwa, ndipo anayeomba akiwa Kenya anafuata njia ya Ubalozi wa Marekani, Nairobi. Ada ya viza ni dola 345 kwa kila mtu, na kuna dola 235 za kutengenezewa kadi. Hizo ni dola 580, kama shilingi 75,400. Hapo bado uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, tafsiri, na nauli.

Tazameni mpango ulivyo. Pesa hazitoki zote siku moja. Za awamu ya pili hazihitajiki mpaka ya kwanza imekubaliwa. Broka wa akina mama wetu alitaka 350,000 zote kabla ya karatasi hata moja kuandikwa.

Iko pia ada ya hiari ya kuharakisha jibu, zaidi ya dola 2,800. Kwa ada hiyo idara inachukua hatua kwenye ombi ndani ya siku 15 za kazi. Inaharakisha jibu, lakini hainunui "ndiyo". Na ombi likikataliwa, ada hairudishwi.

Wakili je? Sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili, lakini wengi humtafuta, maana kupanga ushahidi ni kazi. Awe wakili kweli, mwenye leseni ya Marekani inayoweza kuthibitishwa. Ada yake ni mbali na ada za serikali, na huwa maelfu ya dola. Kwa kuwa ada za serikali hubadilishwa mara kwa mara, mtafiti asome tovuti ya idara yenyewe siku ile anayotaka kulipa, asitegemee hata gazeti hili.

JAMAA WOTE WANAFUATA?

Hapana. Anayepewa viza hii anaweza kwenda na mume au mke wake, na watoto wake wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Baba, mama, ndugu na wajomba hawamo. Kwa kawaida ni baada ya miaka mitano ya ukaaji wa kudumu ndipo mtu anaweza kuomba uraia wa huko. Akiwa raia wa miaka 21 au zaidi, anaweza kuwaombea wazazi wake. Kwa hiyo mama anayeambiwa "utafuata mwaka ujao" anadanganywa.

Neno kwa wale walio Marekani tayari kwa masomo: mtu aliyekwenda kwa viza ya mabadilishano ya J-1, hasa kwa pesa za serikali kama Fulbright, anaweza kuwa amefungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kwanza. Mpaka alitimize au asamehewe rasmi, hapati ukaaji wa kudumu hata akiwa bingwa. Asome karatasi zake vizuri.

Na asiyefikia EB-1A asikate tamaa. Iko njia ya mtafiti bora anayeitwa na chuo kikuu au taasisi ya huko, akiwa na angalau miaka mitatu ya utafiti. Iko pia njia ya wenye digrii za juu ambao kazi yao ina manufaa kwa taifa hilo, nayo mtu anaweza kujiombea. Kila moja ina foleni na masharti yake.

DALILI ZA HATARI

Kikundi kisitoe hata shilingi ikiwa:

– Broka anaahidi viza "asilimia mia". Hakuna mwenye uwezo huo.
– Anataka pesa taslimu na hatoi risiti.
– Anajitolea kuandika makala, tuzo au barua kwa niaba ya mtafiti.
– Mtafiti mwenyewe hajaona fomu wala kuitia sahihi.
– Anasema ombi limeshapelekwa, lakini hana namba ya risiti. Kila ombi lililopokelewa hupewa namba yenye herufi tatu na tarakimu kumi, na mwenyewe anaweza kuitazama kwenye tovuti ya idara. Iombeni namba hiyo.

AKINA MAMA WETU WALIFIKIA WAPI

Siku ile binti alijihesabu mwenyewe kwenye simu, mama yake akisikiliza. Makala alikuwa nazo. Kuhakiki kazi za wengine alikuwa amefanya mara mbili tu. Mchango mkubwa, alisema kwa uaminifu, "bado unakua". Akaamua asiombe sasa. Anaendelea na utafiti, anakubali kuhakiki makala anapoombwa, na anaweka kila karatasi kwenye faili.

Shilingi 90,000 hazikurudi. Simu ya broka ilizimwa. Mama wa binti alisimama mbele ya wenzake akaomba azirudishe kidogo kidogo kila mkutano, na kikundi kikakubali, lakini matangi mawili yamechelewa. Walituruhusu kueleza haya bila majina, ili wengine wasipite njia hiyo.

Hatusemi msiwasaidie watoto wenu. Harambee imewasomesha wengi wetu. Tunasema msaada utangulie na maswali. Mtoto aliyefika kileleni kwa kazi yake atakuwa na karatasi za kuonyesha, na kikundi kikiziona kitajua kinachangia nini. Asiyefika bado, pesa zenu hazitamfikisha. Afadhali kumpa moyo na muda.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyeombwa pesa kwa ajili ya viza? Nini kilitokea?
2. Katiba yetu inasema nini juu ya kukopesha pesa za mradi kwa jambo la mtu mmoja? Nani ana ruhusa ya kutoa?
3. Kuna watafiti waliofanya kazi na sisi mashambani? Kumbukumbu zetu za kazi hiyo ziko wapi?
4. Tukiombwa kuandika barua yenye maneno tusiyoyajua, tutajibu nini?

Katibu aandike majibu kwenye kitabu. Mkikwama, leteni kitabu hicho ofisini, tutakisoma pamoja. Mungu awabariki katika kazi zenu.